Mwongozo wa Kudai Haki kwa Mheshimiwa, Toleo la Nkoaranga

Wewe unayeteremka kutoka Nkoaranga na Katiba kwapani, ukimtafuta mbunge akulindie haki zako, soma hapa kabla hujamaliza nauli.

Jua majira kwanza. Mwaka wa uchaguzi anaitwa "kijana wenu", na kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa hununua mkungu wa ndizi kwa bei ya mbuzi. Kura zikishahesabiwa anaitwa Mheshimiwa, na yuko Dodoma. Ukimbahatisha mkutanoni, usianze na ibara ya 18. Ukisema uhuru wa maoni, atajibu barabara. Ukisema haki ya kukusanyika, atajibu maji. Mwenyekiti atakushukuru kwa swali zuri, na kipaza sauti kitahamia kwa kwaya.

Usidanganywe kwamba Bunge ni zito. Oktoba 1994 Mahakama Kuu ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila: raia anaweza kugombea bila chama. Kufika Desemba, Bunge lilikwisha kupitisha mabadiliko ya Katiba ya kuufunga mlango huo. Miezi miwili haikutimia! Laiti vifusi vya barabara zetu vingekuja kwa mwendo ule. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena 2006; mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Yaani mlalamikaji akawaombe ufunguo walewale waliopiga kufuli.

Utaniambia haki ipo jirani, na ni kweli. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha hapahapa: bodaboda mpaka barabara kuu, halafu daladala. Tarehe 14 Juni 2013 ilimpa Mtikila ushindi na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake. Alifariki Oktoba 2015 bila kuyaona marekebisho. Ila usimwite bodaboda bado. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda kushtaki pale moja kwa moja. Majaji tumewapa makao, mashauri yetu tumewanyima.

Basi baki nyumbani na ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Kila mtu, ndiyo. Lakini mwaka 2020 waheshimiwa hao hao walipitisha sheria iliyokutaka uape na kuonyesha jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika. Kuumia kwa jirani hakukuwa hoja.

Wazee wetu wa Meru walikuwa na nafuu moja: hawakuwa na mbunge. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 kuwapisha walowezi, walichangishana nauli, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi siku hiyo, lakini dunia ilisikia, na bila kupitia kwa katibu wa mbunge.

Wewe unaye mbunge, kwa hiyo mtumie. Akija, mpe mkono, mwulize habari za nyumbani, kisha umwulize jambo moja tu: hoja ya kutekeleza hukumu ya 2013 utaipeleka lini bungeni? Akianza kutaja barabara, mwache amalize, halafu rudia swali.