Burke na Pensheni Yake

Uhafidhina wa Edmund Burke, mbunge mzaliwa wa Dublin, unasimama juu ya hoja moja: uhuru bila sheria na maadili ni fujo, na dola si kibanda cha kubomolewa kila kizazi kinapopata mawazo mapya. Kitabu chake cha 1790 kiliwashambulia wanamapinduzi wa Ufaransa, hasa kwa kulinyang'anya Kanisa mashamba yake. Makabaila wa Uingereza walifurahi. Nani asiyependa kuambiwa kwamba kuzaliwa kwake tu ni huduma kwa taifa?

Kiasi, ile fadhila aliyowahimiza wengine, kilimpiga chenga mwenyewe. Mwaka 1768 alinunua shamba kubwa huko Beaconsfield kwa fedha za kukopa, na madeni yakamwandama hadi uzeeni. Alipostaafu mwaka 1794 serikali ikampa pensheni, yeye aliyesimamia sheria ya 1782 ya kubana pensheni za wakubwa. Duke wa Bedford, kijana tajiri kupindukia, akalalamika bungeni kwamba hela za umma zinafujwa.

Jibu la Burke la 1796 lilichoma hadi kwenye mfupa. Mtetezi wa urithi alimkumbusha mrithi kwamba ukoo wake ulitajirishwa na Mfalme Henry wa Nane, kwa mali zikiwamo zile zilizoporwa kwa watawa. Hata hivyo hakutaka Duke apokonywe hata ekari moja: kwa hesabu ya kihafidhina, uporaji uliotimiza karne mbili na ushee huwa umekwisha kuwa haki. Pensheni nayo ikabaki.