Mashua Mbili za Pangani

Ukuta wa sebule yetu una doa la maji lenye umbo la embe dodo. Fundi amekwisha kuja mara tatu, akalitazama, akanywa chai, akaondoka. Nikaamua nilifunike kwa picha ya mto. Penseli ninazo, kadi nyeupe ninayo, na mto uko Pangani. Saa nne asubuhi nikaketi ukingoni chini ya mkungu, uso kwa Bweni, ng'ambo ya mto.

Mto ulitulia kama maji ya mtungini, na utulivu huo ndio ulioniponza. Ng'ambo minazi, katikati mashua moja imetia nanga, omo imeelekea baharini. Nikaichora kwa raha zangu. Minazi haikunisumbua, mnazi hata ukiukosea bado ni mnazi. Jua lilipokaza nikaenda kula wali na changu, usingizi ukanipitia (changu wa Pangani ana dawa ya usingizi, msinibishie). Saa tisa nikarudi, nikaona picha inapwaya. Nikaongeza mashua ya pili, vilevile nilivyoiona: omo imeelekea juu, mto unakotoka, huko kwenye Kilimanjaro na Meru.

Mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapo maji yanajaa au yanakupwa?"

"Yametulia, mzee."

"Yametulia!" Akaweka ndoo yake chini. Ndoo ikiwekwa chini, ujue somo ni refu. "Chombo kikitia nanga hutazama maji yanakotoka. Yakijaa, bahari inapanda mtoni, omo inageukia bahari. Yakipwa, inageukia bara. Sasa hizi mbili zimelala hatua kumi tu, hii inajaziwa, hii inapwelewa. Mto gani huu?"

Kumbe ilikuwa mashua ileile, nimeichora mara mbili, asubuhi na alasiri.

Nikashika raba. Karatasi ilishalowa jasho la kiganja, mashua ya pili haikufutika, ikavimba. Nikasugua tena, likawa bonge jeusi lenye mgongo.

"Na jiwe hilo limekuja lini? Mimi nimezaliwa hapa."

"Si jiwe, mzee. Ni kiboko."

Akainama, akamkagua kiboko wangu kichwa hadi mkia, kisha akanyanyua ndoo.

"Haya. Huyo hatii nanga."