Uza Shanga za Katilu Mtandaoni Bila Kujiua na Kazi

Dada yangu! Sogea hapa kivulini, na kaka mwenye vidole vyepesi asogee pia. Leo nawafundisha kukwepa kazi. Kuna walimu wa biashara watakaokuambia kwamba bila tovuti, nembo na video tatu kwa siku huwezi kuuza hata kikuku kimoja. Hao wanaishi karibu na soketi ya umeme. Wewe uko Katilu, simu inalala na chaji ya jirani na bando linaisha kabla ya sentensi. Basi tupite njia za mkato. Mteja hatumdanganyi na mtungaji wa shanga hatumpunji; vingine vyote tunavikwepa.

1. Usifungue duka.
Weka WhatsApp Business, ni bure. Panga bidhaa zako kwenye katalogi, kisha nenda zako shambani. Instagram mwachie binamu aliye Lodwar au Kitale, mahali ambapo mtandao haukatiki kila upepo ukivuma. Yeye ana muda na anapenda kuonekana. Mpe jukwaa, na umpe asilimia kumi ya kila mauzo. Iandikeni. Ahadi ya "nitakutoa chai" huvunja ndoa na undugu, sembuse akaunti ya Instagram.

2. Tengeneza aina tatu tu.
Mkufu mmoja, bangili moja, vipuli vya namna moja. Wateja ni waigaji wazuri sana: mmoja akionekana na mkufu, wenzake wanne wanataka "kama ule ule". Ukiwa na mitindo arobaini, kila oda inakuanzisha upya. Ukiwa na mitatu, mikono inakariri na akili inapumzika.

Nunua shanga za Cheki ukizipata. Hulingana ukubwa, na uzi unapita bila vita. Zile za bei ya kutupa utakuta nusu yake tundu limeziba au moja imenenepa kuliko mwenzake, na muda uliodhani umeuokoa unaishia kuchambua. Halafu nunua rangi ya msimu mzima kwa mkupuo mmoja. Nyekundu ya mwezi huu na ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana hata kama muuzaji ataapa ni ile ile, na mteja aliyeagiza bangili ifanane na mkufu wake ataiona tofauti hiyo kabla hajafungua pakiti.

3. Jua likusaidie, halafu likimbie.
Studio huna, na huihitaji. Piga picha asubuhi jua likiwa bado changa, au jioni linapoinama. Saa sita mchana jua la Turkana hula rangi zote: nyekundu inakuwa waridi, buluu inakuwa kijivu. Tandika kitambaa kimoja kisicho na maua. Weka sarafu ya shilingi ishirini kando ya bangili ili watu waache kukuuliza ukubwa. Hapo umeokoa nusu ya meseji zako.

Picha ya pili iwe shingoni mwa mtu. Hii ndiyo inayouza. Mnunuzi akiona mkufu mezani anaona shanga. Akiuona shingoni anajiona mwenyewe akiingia harusini kwa shemeji, wifi zake wakigeuka kumtazama. Mwache ajione. Kila mtu anapenda kutazamwa, wa Nairobi kwa wa Namoruputh.

Lakini shingo iwe imekubali. Usimpige picha bibi wa watu akiwa na mikufu yake iliyopangana hadi kidevuni, ukaifanya pambo la ukurasa wako. Mapambo yale yanaeleza maisha yake, kama ameolewa na amefika umri gani, na hakuyavaa ili yakuuzie vipuli. Akikubali, mlipe kama unavyomlipa mtungaji, na mwonyeshe picha kabla haijatoka.

4. Usitunge hadithi, ukweli unatosha.
Mvivu mwenye akili hasemi uongo, kwa sababu uongo unataka kumbukumbu. Ukiandika "mkufu wa malkia wa jangwani uliobarikiwa na wazee", mteja atauliza malkia gani, nawe utakesha ukimbuni. Andika hivi: "Umetungwa Katilu, kando ya mto Turkwel, kwa saa sita." Ongeza jina la mtungaji akiruhusu. Basi.

Akitaka historia ndefu, unayo nzuri kuliko ya kubuni. Lothagam, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kuna makaburi ya wafugaji wa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Watafiti walichapisha matokeo yao mwaka 2018: watu wasiopungua 580 walizikwa pale, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake, zikiwemo shanga za mawe ya rangi. Watoto na wazee, wake kwa waume. Watu wale hawakuwa Waturkana, kwa maana Waturkana walifika baadaye sana, na useme hivyo hivyo. Lakini katika nchi hii mtu alizikwa na shanga zake kabla mji wowote wa pwani haujajengwa. Sentensi hiyo moja inatosha kwa maelezo ya bidhaa.

Jambo moja usikwepe: kaka la yai la mbuni, mfupa au pembe ya mnyamapori. Bibi zetu walivaa, lakini chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kufanya biashara ya nyara bila kibali ni kosa. Ukipiga picha na kuiweka mtandaoni umejiandikia ushahidi mwenyewe.

5. Bei: hapa ndipo usiwe mvivu.
Fanya hesabu mara moja tu, uiandike ukutani, usirudie tena. Tuseme mkufu umekula shanga za shilingi 250, uzi na kifungio 80, bando na chaji 60. Mikono imefanya kazi saa sita. Weka shilingi 100 kwa saa, yaani 600. Jumla 990. Binamu ana asilimia kumi yake. Bei ni 1,100: yeye 110, wewe 990. Nauli ya mzigo juu ya mteja.

Sasa atakuja mfanyabiashara wa mjini, mwenye sauti ya asali, akuambie atachukua mia moja kwa mpigo kwa shilingi 300 kila mmoja. Shanga na uzi peke yake ni 330. Kwa hiyo kila mkufu anaoubeba, umemlipa shilingi 30 aubebe, na saa sita za mama aliyeukalia umezitoa sadaka. Mia moja ni hasara ya 3,000 na saa 600. Mshukuru, mpe maji ya kunywa, mwache aende.

Na mteja wa kawaida akiomba punguzo? Usipunguze, ongeza. Zile shanga zinazobaki mwisho wa uzi zitungie vipuli vidogo na umpe bure. Ataondoka akijiona mjanja, bei yako itabaki imesimama, na jirani yake hatakuja kudai "bei ya juzi".

6. Chelewa kwa heshima.
Laga, ule mto wa msimu, ikijaa, gari halipiti. Barabara ya Kainuk ikiwa na taabu, gari linangoja. Hayo huyawezi. Unachokiweza ni ahadi. Kazi ya wiki mbili iite ya wiki tatu. Mzigo ukifika mapema, utasifiwa kwa kasi. Ukichelewa wiki, umefika kwa wakati.

7. Pesa kwanza, uzi baadaye.
Nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya kupakia steji. Usiamini meseji ya malipo unayoonyeshwa kwenye picha. Angalia salio lako mwenyewe. Wateja wa ng'ambo wanaweza kulipa kwa PayPal, na tangu 2018 unaweza kuihamishia pesa hiyo M-PESA. Walio Marekani waambie mapema kwamba msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 ulisimamishwa tarehe 29 Agosti 2025. Asipojua, ushuru ukimfikia atakulaumu wewe.

8. Shindwa vizuri.
Oda ikiharibika, rudisha pesa siku hiyo hiyo, bila maelezo marefu. Maelezo yanakula bando.

Wakati wa kuvuna ukifika kwenye skimu ya umwagiliaji, funga. Andika "Tumefunga, tunavuna mtama," uweke picha ya shamba. Wateja hawatakasirika, watajisifu kwa marafiki kwamba fundi wao ni mkulima wa kweli.

Na mtandao ukikushinda kabisa, shindwa kuelekea Lodwar. Tamasha la Tobong'u Lore huleta wageni wenye pesa mfukoni na shingo tupu. Uliza ofisi za kaunti kuhusu Ushanga Kenya, mpango wa serikali ulioanza 2017 kwa ajili ya kina mama wa shanga katika kaunti saba za wafugaji, Turkana ikiwemo. Au panda gari hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ya tangu 1992 imekusanya mafundi wa Sudan Kusini, Somalia na Kongo. Mafundi wakimbizi wa mahali pengi duniani tayari wanauza nje kupitia MADE51, mpango wa UNHCR wa kazi za mikono za wakimbizi. Kaa na wa Kakuma siku moja, ulizia wanavyofungasha na wanavyolipwa. Utajifunza zaidi kuliko kwa walimu wa soketi.

Basi kesho asubuhi piga picha mbili, andika bei, tuma. Mtu akikuuliza "mwisho ngapi?", mjibu: elfu moja na mia.