Nitalisubiri Pangani

Mimi nikitaka samaki nashuka Deep Sea asubuhi, nabishana bei ya fungu la changu, narudi nyumbani kabla chai haijapoa. Sasa shemeji yangu, Mpare wa Ugweno, kaniamkia na jambo jipya: "Shemeji, bahari imewalemaza. Twende tukavue maji baridi."

Nikamwambia maji baridi mimi nayapata mtungini. Bahari hii hii imetoa silikanti, samaki ambaye hadi 1938 wataalamu walimhesabu marehemu wa mamilioni ya miaka. Mwaka 2009 akatengewa hifadhi yake hapa Tanga. Yeye anataka perege!

Basi jioni kijiweni kwetu Ngamiani, shemeji akachovya kidole kwenye kahawa, akachora maziwa juu ya benchi. Kila mnywaji akawa nahodha.

Wa kwanza akashauri Chala. Ziwa zuri, ila limekaa ndani ya shimo la volkano, kingo zimesimama kama ukuta, kina kinapita mita 90. Mto unaoingia huuoni wala unaotoka huuoni; maji yanapenya chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Kushuka nitashuka. Kupanda nitapandishwa na nani, na goti langu hili?

Wa pili akasema Jipe. Jipe mpaka wa Kenya umepita majini, matete yamelikaba, na viboko wamo. Perege akishakula chambo akakimbilia ng'ambo, nimfuate na pasipoti?

Ikabaki Nyumba ya Mungu. Hapo mzee mmoja akagonga kikombe: "Hilo si ziwa, ni bwawa! Limejengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme." Ubishi wa ziwa na bwawa ukala nusu saa na sahani nzima ya kashata, ambayo nililipa mimi.

Nikauliza gharama. Karibu kilomita 300, nauli kwenda na kurudi, mtumbwi wa kukodi, chambo, malazi. "Nani analipa?" Shemeji akainamia kikombe chake kana kwamba kambale yumo humo.

Nikamgeukia mzee: "Hayo maji ya bwawa yakitoka huko yanaelekea wapi?"

"Yanashika Mto Pangani. Korogwe, Hale, mpaka Pangani mjini, yanamwagika baharini."

"Kwa hiyo yanakuja kwetu?"

"Yanakuja."

Nimeshaamua. Jumamosi napanda basi la Pangani, nakaa karibu na kivuko, natupa mshipi wangu na kulisubiri ziwa. Lije lenyewe, bila nauli.

Shemeji kanicheka. Eti likifika Pangani litakuwa limeshaingia chumvi.

Afadhali. Mchuzi nitaupika bila kununua chumvi.