Ajira Isiyokauka

Kijana wa Goma anayesaka kazi asihangaike kusomea ubenki: benki za biashara mjini zilifunga milango Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia. Urubani nao awaachie wenye uwanja wa ndege. Wa hapa ulifungwa mwezi huohuo. Asomee mahusiano ya umma. Huko hakuna kupunguzwa kazini.

Ni fani yenye historia tukufu. Novemba 2012, siku moja tu baada ya mji kutekwa, msemaji wa M23 Vianney Kazarama alisimama mbele ya umati Stade des Volcans na kutangaza safari ya Kinshasa. Siku kumi baadaye wapiganaji waliondoka Goma, na si kwa kuelekea Kinshasa. Msemaji hakukosea; aliwahi tu, kama jogoo anayewika saa sita usiku.

Wakubwa wanaijua thamani ya fani hii. Kuanzia 2018 Rwanda iling'aa kwenye mkono wa jezi za Arsenal. Kinshasa ingevumiliaje? Julai 2025 ikatia saini na Barcelona kwa misimu minne, na magazeti yakataja zaidi ya yuro milioni 40. Sifa za nchi zikaenda mgongoni mwa fulana za mazoezi.

Hesabu safi kabisa! Bomba la maji nani angelionyesha kwenye televisheni kila wiki? Mama anayepandisha bidoni la lita 20 kutoka Ziwa Kivu hana haja ya kulalamika. Mgongo anao; bado mdhamini tu.