Tuandikishwe Kuwa Visiwa: Barua ya Wazi kwa Waziri

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Ujenzi, Nyumba na Ustawi wa Miji,
Nairobi.

MINT: OMBI LA KUANDIKISHA KIBERA NA KAWANGWARE KUWA VISIWA

Leo hatukuandikii kuomba maji, vyoo wala hatimiliki. Hayo tumeyaomba mpaka chifu ametuzoea. Ombi la leo halina gharama. Tunataka ramani za serikali zitutambue kuwa visiwa.

Sheria iko upande wetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989, unasema kisiwa ni ardhi ya asili iliyozungukwa na maji na inayobaki juu hata maji yakijaa. Kuzungukwa tumezungukwa. Kibera ina uwanja wa gofu kaskazini, na kusini kuna Bwawa la Nairobi, ambako zamani watu waliendesha mashua za tanga kwa starehe na leo magugu maji yametanda mpaka ng'ombe hudhani ni malisho. Kawangware inatazamana na Lavington. Kipengele cha mwisho tu ndicho kinatusumbua: mvua za Aprili 2024 ziliponyesha, mto uliingia nyumba za kandokando bila kubisha hodi. Hicho tunaomba mkilegeze.

Faida tunazijua. Kisiwa hupewa bahari ya maili 12 na eneo la kiuchumi la maili 200. Hatuna uroho, Mheshimiwa. Sisi maili mbili zinatutosha; ndani yake mna uwanja wa gofu, Lavington yote, na mabomba yake.

Mfano ni Migingo. Mwamba ule wa Ziwa Victoria ni kama nusu ekari tu, na vibanda vyake vya mabati vimebanana kama vyetu. Lakini 2009 Rais Kibaki na Rais Museveni walikubaliana wapelekwe wapima ardhi wa nchi mbili. Kibera, kubwa mara mamia, mwaka huohuo ilikuwa bado msitu kwenye ramani rasmi. Pengine mchoraji alikuwa amebobea katika Kinubi, maana jina lenyewe, kibra, Wanubi walilitoa kwa sababu ya msitu. Vijana wa mtaa ndio waliozunguka na vifaa vya GPS wakachora vichochoro, visima na vyoo katika mradi wa Map Kibera.

Kwa kuwa faili lako litaandikwa kwa Kiingereza, tumechimbua na lugha. Neno la lugha hiyo la kisiwa, island, halikuwa na s. Waingereza wa kale walisema iegland, baadaye iland. Kufikia karne ya 16 waandishi, wakilidhania ndugu wa isle, neno la Kifaransa lenye mzizi wa Kilatini insula, walilipachika s isiyokuwa yake. Hadi leo mtoto wa shule wa Olympic, hapa Kibera, akiiacha anakatwa maksi, akiitamka anachekwa. Hiyo s tunaifahamu vizuri. Ni mpiga kura wa Kibera: kwenye daftari yumo, kwenye bajeti hatamkwi.

Insula yenyewe usiidharau. Katika Roma ya kale, jengo la ghorofa la kupangisha nalo liliitwa hivyo: maduka chini, na maskini juu kabisa, mbali na maji na mbali na mlango moto ukizuka. Daftari la mji la karne ya 4 linataja insula zaidi ya 46,000 na nyumba za mabwana zisizofika 1,800. Kaisari Augusto aliweka kikomo cha futi 70, kisha wajenzi, kama wetu, wakafanya yao. Jengo la Huruma, hapa Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50 lilikuwa tayari limeamriwa kubomolewa. Na hukohuko Roma, tajiri Crassus alifika nyumba zikiungua, akazinunua kwa bei ya majivu. Wafanyabiashara wa Toi Market, soko lililoungua si mara moja, wangependa kujua kama aliacha wajukuu Nairobi.

Kawangware leo mabati yanaondoka na insula zinapanda. Ngazi ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na mtungi wa lita 20 humsubiri anayeshuka, na choo cha ghorofa nzima kina kufuli moja ambayo ufunguo wake anakaa nao msimamizi wa ploti. Nanyi mmeanza kutujengea. Nyumba 600 za Lang'ata zilihamiwa 2009, nyingine 822 zikafuata Soweto Mashariki, na sasa mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ili zipatikane zaidi. Asante. Ila kila tukiuliza nani kapewa, tunaambiwa faili liko kwa mkubwa.

Basi, ombi la visiwa likigonga mwamba, tufanyieni hili dogo. Bandikeni kwenye ukuta wa ofisi ya chifu orodha ya waliopewa nyumba hizo na ya wanaongoja, kila jina na nambari yake, kabla ya mvua za Machi. Tutaisoma wenyewe, kwa sauti.

Wako mtiifu,
Mpangaji, Kibera