Shangazi na Wakazi wa Chupa

Mwenye bwawa la kambale hakuamini kwamba nimepanda bodaboda kuja kuomba maji machafu. Alinijazia chupa ya jamu, akakataa hela, akamwita mkewe aje ashuhudie.

Nyumbani, hadubini ya mtumba ilikuwa imekwisha kuteka meza ya chakula. Shangazi, aliyekuja kutusalimia mwaka jana na bado anatusalimia, aliuliza kwa nini ile ya kawaida ya shuleni isitoshe. Nikamweleza kuwa viumbe wengi wa bwawani hawana rangi. Mwanga ukipenya mwilini mwao huchelewa kidogo, tuseme robo ya wimbi, na jicho halitambui kuchelewa. Mholanzi Frits Zernike alibuni njia ya kugeuza ucheleweshaji huo uwe weusi na weupe. Mwaka 1932 aliwapelekea watengenezaji wa hadubini, Zeiss, kule Jena, Ujerumani. Wakaona kama kingekuwa kitu cha maana wangekwisha kukibuni wenyewe. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Shangazi akamgeukia fundi bomba, aliyeahidi kuja saa mbili na kutokea saa tisa. "Umesikia, baba? Kuchelewa kuna tuzo."

Kazi yenyewe ya hadubini ya njia hiyo imo kwenye pete mbili: moja ya mwanga, chini ya jukwaa, na nyingine imejificha ndani ya lenzi. Sharti zilaliane sawasawa. Unachomoa lenzi ya jicho, unachomeka kidarubini maalumu, unazungusha skrubu kwa pumzi za kuiba. Zikilaliana tu, mtoto anapita mbio, meza inacheka. Unaanza upya. (Ndoa nyingi zimefungwa kwa subira ndogo kuliko hiyo.)

Shangazi akadai zamu yake. "Naona majani!" Zilikuwa kope zake. Kisha akaona duara lenye ukingo mnene mweusi, akalistahi sana, hata nilipomwambia ni povu la hewa.

Hatimaye akapita paramesiamu, umbo la kandambili, amezungukwa na mng'ao, vinyweleo vyote vikipiga makasia. Akapita kweli: hatukumwona tena. Dawa yake ni nyuzi chache za pamba chini ya kioo cha kufunikia, ziwe uzio. Pamba ilipatikana kwenye mto wa Shangazi, jambo lililojadiliwa kwa kirefu. Uzio ulipokamilika, umeme ukakatika.

Uliporudi, tone lilikuwa limeanza kukauka pembeni, lakini katikati ya pamba alinaswa mmoja, kiuno kimebana.

"Huyu anaumwa?"

"Anajigawa, Shangazi. Atakuwa wawili."

"Mume yuko wapi?"

"Hahitaji."

Akalikodolea jicho lile tundu muda mrefu. "Bila mume, bila mahari, na bado yupo mezani petu tunapolia chakula! Mtoe huyo kabla watoto hawajarudi kutoka shule."